Kihesabio Kimoja, Prosesa Nyingi: Jinsi Keneli Zinavyoepuka Kugombania Hesabu

Keneli ya mfumo endeshi huhesabu karibu kila kitu. Huhesabu pakiti zilizopokelewa na kadi ya mtandao, kurasa za kumbukumbu zilizo huru, bloku za diski zilizobaki, faili zilizofunguliwa, na idadi ya wanaokitumia kitu fulani kwa wakati huo, ili ijue ni lini kitu hicho kinaweza kufutwa. Kwenye mashine yenye prosesa moja hesabu hizi hazina gharama ya kutajwa, kwa kuwa kuongeza moja ni amri moja ya mashine. Kwenye mashine yenye viini 48 au 128, amri hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo inayoamua kasi ya mfumo mzima, hata kama data nyingine zote zimegawanywa vizuri na hakuna kufuli hata moja linalogombaniwa.

Chanzo chake ni jinsi kache zinavyofanya kazi. Kila kiini kina kache yake, na data huingia humo kwa vipande vya ukubwa maalumu viitwavyo mistari ya kache. Kwenye prosesa za familia ya x86 mstari mmoja una baiti 64. Itifaki zinazolinda uwiano wa kache, ambazo nyingi ni jamaa za MESI iliyochapishwa mwaka 1984 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, huruhusu viini vingi kusoma mstari mmoja kwa pamoja. Kuandika ni jambo jingine. Kiini kinachotaka kuandika lazima kwanza kiumiliki mstari peke yake, na nakala zilizo kwenye viini vingine zifutwe. Kihesabio kinachoongezwa na viini vyote kwa hiyo hakitulii mahali: mstari wake husafiri kutoka kache hadi kache, na kila safari huchukua makumi ya nanosekunde ndani ya chipu moja, au zaidi ya nanosekunde 100 pale unapovuka kutoka soketi moja hadi nyingine. Kuongeza namba ambayo tayari imo kwenye kache ya karibu huchukua nanosekunde chache tu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na matokeo yake hayana huruma. Ikichukuliwa kwamba safari moja ya mstari ni nanosekunde 50, kihesabio hicho hakiwezi kuongezwa zaidi ya mara milioni 20 kwa sekunde, iwe mashine ina viini 4 au 400. Kuongeza viini hakuinui kikomo hicho. Kunarefusha foleni tu. Amri za atomiki, kama zile zenye kiambishi cha LOCK kwenye x86, zinahakikisha kwamba hakuna ongezeko linalopotea. Zinatibu usahihi, lakini foleni zinaiacha ilivyo. Kulinda kihesabio kwa kufuli ni kubaya zaidi, kwa sababu mstari wa kufuli nao husafiri, na mwenye kulishika anaweza kukatizwa huku wengine wakimsubiri.

Jambo hili lilijulikana kabla ya mashine zenye viini vingi kufika mezani kwa watu wa kawaida. Mwaka 1985 Gregory Pfister na Alan Norton wa IBM, wakifanyia kazi mradi wa RP3, walionyesha kwamba sehemu ndogo tu ya maombi ikielekezwa kwenye anwani moja ya kumbukumbu, msongamano huenea nyuma kwenye mtandao wa ndani wa mashine hadi kuwachelewesha hata wale ambao hawaihitaji anwani hiyo. Jibu lililopendekezwa wakati huo, katika RP3 na katika Ultracomputer ya Chuo Kikuu cha New York, lilikuwa la vifaa: swichi za mtandao ziunganishe maombi mawili ya kuongeza yanapokutana njiani, ombi moja la kuongeza mbili lifike kwenye kumbukumbu, kisha jibu ligawanywe wakati wa kurudi. Wazo hilo ni zuri, na lina mrithi wa mbali katika prosesa za kisasa za Arm zinazoweza kupeleka ongezeko la atomiki likafanyike kwenye kache ya pamoja badala ya kuuvuta mstari. Hata hivyo, mzigo mkubwa wa suluhisho umebebwa na programu, na njia ya programu inaanzia kwenye swali ambalo vifaa haviwezi kuliuliza: hesabu hii inahitajiwa na nani, lini, na kwa usahihi gani?

Swali hilo ndilo linalopanga mada nzima. Gharama ya kuhesabu haiondoki. Kinachowezekana ni kuihamisha kutoka kwa anayeongeza kwenda kwa anayesoma, au kutoka kwenye kila tukio kwenda kwenye tukio moja kati ya mengi, au kutoka sasa kwenda baadaye. Kila mbinu ni uamuzi kuhusu nani alipe.

Aina iliyo rahisi kuliko zote ni vihesabio vya takwimu: pakiti zilizopita, makosa yaliyotokea, mara ambazo kazi fulani imeitwa. Hivi huongezwa mamilioni ya mara kwa sekunde na kusomwa mara chache, pengine pale msimamizi wa mtandao anapoziangalia takwimu. Hapa kihesabio hugawanywa: kila prosesa inapewa sehemu yake kwenye mstari wake wa kache, inaiongeza bila kumsubiri yeyote, na msomaji hupita kwenye sehemu zote akizijumlisha. Watu wa mradi wa Tornado wa Chuo Kikuu cha Toronto, waliowasilisha kazi yao mwaka 1999, walilipeleka wazo hili mbali zaidi. Kwao kitu chochote cha keneli, si kihesabio peke yake, kingeweza kuonekana kimoja kwa mtumiaji huku ndani kikiwa na mwakilishi kwenye kila prosesa.

Kwenye x86 kugawanya kuna faida ya pili inayosahaulika kirahisi. Linux huweka anwani ya eneo la prosesa husika kwenye rejista ya segmenti, hivyo kuongeza sehemu ya prosesa hiyo ni amri moja tu isiyo na kiambishi cha LOCK. Amri moja haikatwi katikati na kikatizo, na hakuna prosesa nyingine inayoiandika sehemu hiyo, kwa hiyo uatomiki kamili hauhitajiki. FreeBSD ilifuata njia hiyo hiyo katika vihesabio vilivyoingia na toleo la 10.0 mwaka 2014. Kwenye usanifu wa prosesa ambao hauna amri ya namna hiyo, keneli hulazimika kuzuia kwa muda mfupi uzi unaoendelea usihamishwe, au kuzima vikatizo, na sehemu ya faida hupotea.

Msomaji wa kihesabio kilichogawanywa hapati picha ya papo moja. Anapofika kwenye prosesa ya mwisho, ile ya kwanza imeshabadilika. Ikiwa kihesabio hupanda tu, hilo halina madhara: jumla anayoipata iko kati ya thamani ya kweli alipoanza kusoma na thamani ya kweli alipomaliza. Kikiwa cha kupanda na kushuka, mambo hubadilika. Kitu kinaweza kuundwa kwenye prosesa ya 7 na kufutwa kwenye prosesa ya 3. Sehemu ya 7 inabaki na +1 na sehemu ya 3 inabaki na −1, na jumla ni sifuri kama inavyotakiwa. Lakini msomaji anaweza kupita kwenye prosesa ya 7 kabla kitu hakijaundwa, kisha akafika kwenye ya 3 baada ya kitu kufutwa. Hapo huikuta −1 bila kuikuta +1. Atasoma idadi hasi ya vitu, jambo lisilowezekana katika uhalisia. Ndiyo maana Linux ina njia maalumu ya kusoma inayorudisha sifuri badala ya namba hasi. Prosesa zinazozimwa mashine ikiendelea kufanya kazi huleta kero nyingine: sehemu ya prosesa iliyozimwa lazima ihamishiwe kwenye jumla kuu, na msomaji anayepita wakati wa uhamisho huo asiihesabu mara mbili wala kuiruka.

Kusoma kwa kupita prosesa zote ni ghali pale wasomaji wanapokuwa wengi. Mashine yenye prosesa 256 humfanya msomaji mmoja aguse hadi mistari 256, mingi ikiwa kwenye kache za wengine. Suluhisho la kati ni mafungu. Muundo wa percpu_counter wa Linux una jumla kuu moja na sehemu ndogo kwa kila prosesa. Sehemu ikifikia ukubwa wa fungu, chini au juu ya sifuri, hushika kufuli na kumimina kilichomo kwenye jumla kuu, kisha huanza upya. Fungu la kawaida ni 32 au mara mbili ya idadi ya prosesa, kubwa kati ya hizo. Msomaji wa haraka husoma jumla kuu peke yake, naye anajua kosa lake haliwezi kuzidi ukubwa wa fungu mara idadi ya prosesa. Msomaji anayetaka zaidi hushika kufuli na kujumlisha sehemu zote. Fungu likikuzwa, waandishi hupumua na msomaji wa haraka hupotoka zaidi; likipunguzwa, hali hugeuka. Hakuna ukubwa mmoja unaofaa kila mahali, na ni vizuri kwamba Linux inamruhusu mtumiaji wa muundo huu kuchagua fungu lake mwenyewe.

Upotofu wa mafungu si nadharia. Takwimu za kumbukumbu za Linux, zilizopangwa upya na Christoph Lameter mwaka 2006, huweka tofauti za kila prosesa kwenye baiti moja moja, zikiwa na kizingiti kisichozidi 125, na takriban kila sekunde tofauti hizo humiminwa kwenye jumla. Kwa prosesa 64 na kizingiti cha 125, hesabu ya kurasa huru inaweza kupotoka kwa kurasa 8,000, ambazo kwa kurasa za kilobaiti 4 ni takriban megabaiti 31. Kumbukumbu ikiwa tele, kosa la ukubwa huo halimdhuru yeyote. Kumbukumbu ikikaribia kwisha, kosa hilo linaweza kuwa kubwa kuliko akiba ya dharura yenyewe: keneli huamini bado kuna kurasa, ikaendelea kuzigawa, na akiba iliyotengwa kwa ajili ya kuokoa hali ikaisha. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliweka alama juu ya viwango vya hatari. Hesabu iliyo chini ya alama hiyo haiaminiwi tena kwa macho. Sehemu za prosesa zote hujumlishwa kabla ya uamuzi.

Kisa hicho kinafungua aina ya pili, ambayo ni ngumu zaidi: vihesabio vyenye mpaka. Hapa thamani haisomwi kwa kuangaliwa tu, bali huamua kama ombi likubaliwe au likataliwe. Bloku za diski ndizo mfano mzuri. Karani wa ghala la mahindi lililojaa hana haja ya kujua yamebaki magunia mangapi hasa kabla ya kutoa gunia moja. Anahitaji hesabu kamili pale sakafu inapoanza kuonekana. Mfumo wa faili wa ext4 hufanya hivyo hasa. Huhifadhi idadi ya bloku huru kwenye percpu_counter, na kila anayetaka kuandika husoma jumla kuu ya haraka. Ikiwa kilichobaki, baada ya kutoa mahitaji na akiba, kiko chini ya mara nne ya fungu likizidishwa kwa idadi ya prosesa, ndipo sehemu zote hujumlishwa kwa usahihi. Kwa prosesa 16 na fungu la 32 mpaka huo ni bloku 2,048, yaani megabaiti 8 kwa bloku za kilobaiti 4. Mfumo wa faili wa maelfu ya gigabaiti hutumia maisha yake karibu yote juu ya mpaka huo, na hulipa gharama kamili katika dakika zake za mwisho tu.

XFS ina hadithi ndefu zaidi, kwa sababu ilitumika mapema kwenye mashine kubwa za SGI zilizokuwa na mamia ya prosesa. Mwaka 2006 ilipata vihesabio vyake yenyewe vya kila prosesa, na mwaka 2015 ikavibadilisha na percpu_counter ya kawaida. Fungu lake kwa bloku huru ni 1,024, lakini nafasi ikibaki chini ya mafungu mawili, hesabu ikilinganishwa kwa usahihi, fungu hushushwa hadi 1. Hapo kila badiliko huenda moja kwa moja kwenye jumla kuu. Kwa maneno mengine, kihesabio kilekile ni cha kasi mbali na mpaka na ni sahihi karibu nao, na mpito kati ya hali hizo mbili umo ndani ya mstari mmoja wa masharti. Ni ubunifu wa kupendeza kwa wepesi wake.

Vikundi vya udhibiti vya Linux, ambavyo kontena zote hutegemea, huutatua mpaka kwa njia nyingine. Kila ukurasa unaotumiwa lazima udaiwe kwa kikundi na kwa mababu zake wote hadi juu, na kudai ukurasa mmoja mmoja kungegombanisha viini vyote kwenye mizizi ya mti huo. Kwa hiyo prosesa hudai kurasa 64 kwa mkupuo mmoja, hutumia inachohitaji, na kuweka zilizobaki kama akiba ya hapo hapo. Madai yanayofuata hutolewa kwenye akiba bila kugusa kihesabio cha pamoja. Kosa hapa liko upande salama: kikundi kinaweza kuonekana kimetumia zaidi ya kilichotumia, kamwe si pungufu, hivyo mpaka hauvukwi. Gharama huonekana kikundi kinapokaribia mpaka wake huku prosesa nyingine zikiwa zimekalia akiba. Keneli hulazimika kuzikusanya akiba hizo kabla ya kukataa ombi.

Ugavi wa namba za pekee uko karibu na aina hii. Linux inapohitaji namba ya inodi kwa mabomba, soketi na faili nyingine zisizo na diski, kila prosesa huchukua namba 1,024 kwa pamoja na kuzitoa moja moja. Namba hazirudiwi kwa wakati mmoja mpaka kihesabio kizunguke, ila hazifuati tena mpangilio wa wakati. Wananadharia Aspnes, Herlihy na Shavit walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitandao ya kuhesabu ambayo hutoa namba zinazofuatana bila kuwa na sehemu moja ya kugombaniwa. Keneli hazikuifuata njia hiyo kwa wingi, kwa kuwa mara nyingi upekee ulitosha.

Aina ya tatu ndiyo iliyozaa mbinu nyingi na makosa mengi: hesabu ya marejeo. Kitu kinapotumiwa na yeyote, hesabu yake huongezwa, anapomaliza, hupunguzwa, ikifika sifuri, kumbukumbu yake huachiwa. Hapa hakuna nafasi ya kukosea. Kuachia mapema ni kuacha kiashiria kinachoelekea kwenye kumbukumbu ya mtu mwingine, na kutoachia kabisa ni kuvuja. Udhaifu wa CVE-2016-0728 ulionyesha ukali wake: kosa katika pete za funguo za Linux liliacha hesabu iongezwe bila kupunguzwa, na aliyerudia mwito huo mara za kutosha aliizungusha hesabu ya biti 32 hadi sifuri, kitu kikaachiwa kikiwa bado kinatumika, na njia ya kupata mamlaka ya mkuu wa mfumo ikafunguka. Aina ya refcount_t, iliyoingia kwenye Linux 4.11 mwaka 2017, husimama kwenye kilele badala ya kuzunguka.

Ugumu wa kugawanya hesabu ya marejeo ni kwamba swali lake la msingi, je, imefika sifuri, huulizwa kwenye kila upunguzaji. Mwandishi ndiye msomaji. Kihesabio kilichogawanywa kwa njia ya kawaida kingemlazimu kila anayeachia kujumlisha sehemu zote, na hapo faida yote imekwisha.

Mwaka 2010 watafiti wa MIT walichapisha uchunguzi wao wa Linux kwenye mashine yenye viini 48, wakitumia programu saba, zikiwemo seva ya barua ya Exim, memcached, Apache na PostgreSQL. Hesabu za marejeo zilikuwa miongoni mwa vikwazo walivyovikuta tena na tena: za majina ya saraka, za mifumo ya faili iliyopachikwa, za njia za mtandao. Jibu lao lilikuwa vihesabio vilegevu. Kihesabio cha katikati hushikilia marejeo yanayotumika pamoja na ya ziada yaliyowekwa kwa kila kiini. Kiini kinachohitaji rejeo huchukua kwenye ziada yake, na kikiachia hulirudisha humo. Ziada ikizidi kizingiti ndipo sehemu yake hupelekwa katikati. Kwa kuwa katikati hakuwezi kufika sifuri wakati ziada zipo, kitu hakiachiwi mapema. Anayetaka kukiachia hukusanya ziada kwanza. Sehemu za keneli ambazo hazikubadilishwa ziliendelea kutumia kihesabio cha katikati kama kawaida, na huo ni wema ambao mbinu nyingi nadhifu zaidi hazina.

Kent Overstreet alichukua mwelekeo mwingine katika Linux 3.11 ya mwaka 2013. Aliona kwamba vitu vingi vina mmiliki anayejua lini maisha yao yanaanza kwisha. Kabla ya siku hiyo kuuliza kuhusu sifuri ni kazi bure, kwa sababu mmiliki mwenyewe bado anashikilia rejeo. Hivyo percpu_ref huhesabu kwa kila prosesa, bila kuangalia sifuri hata kidogo, mpaka mmiliki atangaze mwisho. Hapo hesabu hubadilishwa kuwa ya atomiki ya kawaida: keneli husubiri kipindi cha RCU (mbinu ya kusubiri wasomaji wote waliokuwepo wamalize) kipite ili prosesa zote zione badiliko, hujumlisha sehemu zote, na kuanzia hapo sifuri huangaliwa. Thamani kubwa ya bandia huwekwa kwenye kihesabio wakati wa mpito ili kisifike sifuri kabla jumla haijaingizwa. Foleni za vifaa vya kuhifadhia data na vikundi vya udhibiti hutumia mbinu hii leo. Haifai kwa kitu kisicho na mmiliki wa namna hiyo, kwa mfano ukurasa wa kumbukumbu unaoshirikiwa na michakato isiyojuana.

Kwa vitu kama hivyo, Austin Clements na wenzake wa MIT walipendekeza Refcache mwaka 2013. Kila kiini huweka mabadiliko yake kwenye jedwali dogo, na mara kwa mara huyamimina. Hesabu ya pamoja ikionekana sifuri, kitu hakiachiwi. Huwekwa kwenye foleni ya ukaguzi, na kikibaki na sifuri kwa kipindi kizima ambamo kila kiini kimekwisha kumimina, ndipo huachiwa. Gharama imehamia kwenye wakati: kumbukumbu hurudi kwa kuchelewa. SNZI ya mwaka 2007 iliacha kitu kingine, yaani thamani yenyewe. Ni mti unaojibu tu kama hesabu ni sifuri au la. Tawi hupanda kumwarifu mzazi wake pale tu linapotoka sifuri au kurudi sifuri, hivyo mabadiliko mengi huishia chini.

Si kila kitu kinaweza kubebeshwa muundo mkubwa hivyo. Kiingizo cha jina la faili ni kidogo, na mashine huwa na mamilioni yake. Kukipa kila kimoja sehemu ya kila prosesa ni kuimaliza kumbukumbu. Mwaka 2013 Waiman Long na Linus Torvalds waliunganisha kufuli na hesabu ya kiingizo hicho kwenye neno moja la biti 64, muundo uitwao lockref. Kufuli likiwa wazi, hesabu hubadilishwa kwa amri moja ya atomiki ya kulinganisha na kubadilisha, bila kulishika. Mstari bado husafiri, lakini husafiri mara chache zaidi. Mwaka 2023 Thomas Gleixner alirekebisha jambo jingine la namna hiyo kwa hesabu za njia za mtandao. Kuongeza hesabu ikiwa tu si sifuri kulihitaji kitanzi cha kulinganisha na kujaribu tena, na viini vilivyoshindwa vilizidisha msongamano. Mbinu yake, iliyoingia Linux 6.4, huongeza bila masharti na kushughulikia hali za nadra baadaye.

Hata hivyo, ushindi mkubwa kuliko yote katika eneo hili haukutokana na kihesabio bora. Kila anayefungua faili chini ya /usr hupita kwenye saraka ya mzizi, kisha /usr, na zamani kila hatua iliongeza na kupunguza hesabu ya marejeo ya saraka hiyo. Viini vyote vya mashine viligombania mistari ileile michache. Nick Piggin, katika Linux 2.6.38 ya mwaka 2011, aliifanya njia hiyo ipitiwe chini ya ulinzi wa RCU, mbinu iliyoingia Linux mwaka 2002 kupitia kazi ya Paul McKenney na wenzake. Msomaji hachukui rejeo lolote njiani. Husoma namba ya mfululizo ya kila saraka kabla na baada, na ikiwa imebadilika huanza upya kwa njia ya zamani. Hesabu huguswa mwisho wa safari tu, kwenye faili yenyewe. Kumbukumbu haiachiwi mpaka wasomaji wote waliokuwepo wamalize, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahesabu mmoja mmoja.

Wakati mwingine kikwazo kiko kwenye kiolesura chenyewe. Mwito wa fstat hurudisha, pamoja na mambo mengine, idadi ya majina ambayo faili inayo. Programu nyingi hazihitaji namba hiyo, lakini mwito unaahidi kuitoa, kwa hiyo keneli haiwezi kuwaacha wanaoongeza majina na wanaouliza wafanye kazi bila kugusana. Clements na wenzake, katika kazi yao nyingine ya mwaka 2013, walitumia mfano huu kuonyesha kwamba ukomo wa kasi unaweza kuamuliwa kabla mstari wa kwanza wa msimbo haujaandikwa, na wakapendekeza mwito unaomruhusu anayeuliza kuiacha namba hiyo. Mwito wa statx, ulioingia Linux mwaka 2017, humruhusu anayeuliza ataje sehemu anazozitaka, ingawa keneli iko huru kumpa na nyingine.

Kugawanya nako kuna bei. Kihesabio cha baiti 4 kwa kila prosesa hula kilobaiti 2 kwenye mashine ya prosesa 512, na hakina budi kutengewa nafasi, kusafishwa na kufutwa. Linux ilikutana na bei hiyo katika toleo la 6.2 la mwaka 2023. Kabla yake, kila uzi ulikuwa na hesabu yake ndogo ya kurasa ambazo mchakato umezikalia, iliyomiminwa kila baada ya matukio 64. Hesabu ya mchakato wenye nyuzi maelfu ilipotoka sana. Hesabu nne za kila mchakato ziligeuzwa kuwa percpu_counter. Usahihi uliongezeka, lakini kuzaa mchakato mpya na kuumaliza kukawa kuzito zaidi kwenye mashine kubwa, kwa sababu michakato mingi ni mifupi, ina uzi mmoja, na haiishi muda wa kutosha kuirudisha gharama ya kutengewa sehemu za prosesa zote. Baadaye mwaka huo huo utengaji wa hesabu zote nne ulikusanywa kuwa mmoja ili kupunguza uzito huo.

Ugombaniaji pia unaweza kuwepo bila kihesabio kuwa na kosa. Kikiwekwa kwenye baiti 64 zilezile zenye kiashiria kinachosomwa na kila mtu, wasomaji hao hupoteza mstari wao kila hesabu inapobadilika, ingawa hawaijali. Hapa dawa ni kutenganisha tu, na chombo cha perf c2c, kilichoingia na Linux 4.10 mwaka 2017, huonyesha ni mistari ipi inayosafiri na ni anwani zipi ndani yake zinazoisababisha. Kwa sababu hiyo mwandishi wa keneli anayehitaji kihesabio kipya afadhali aanze na kile cha atomiki cha kawaida, akiweke mbali na data zinazosomwa na wengi, na akigawanye pale kipimo kwenye mashine halisi kitakapoonyesha kwamba mstari wake ndio unaosafiri.